Alama ya Kijani ya Babu

Kila siku baada ya kipindi cha mwisho, wanachama wa klabu ya kompyuta walikimbilia chumba chao, wakaondoa vitambaa vilivyofunika skrini, kisha wakagombania kiti pekee kisichoyumba. Mara nyingi aliyekipata alikuwa msichana wa darasa la saba waliyemwita Chapuchapu. Jina hilo hakupewa bure. Alikula chapuchapu, aliandika chapuchapu, na kengele ya kwenda nyumbani ilimkuta amekwisha kufunga mkoba.

Muhula huo klabu ilikuwa ikiandika programu kwa ajili ya jiko la shule. Kulikuwa na wanafunzi waliodhuriwa na vyakula fulani, na mpishi mkuu aliwajua wote kwa kichwa. Lakini shule ilikuwa imekua na wapishi wapya walikuwa wameajiriwa. Sasa mwanafunzi akifika kwenye dirisha la chakula, mpishi angeandika namba yake, na skrini ingemwambia asimpe nini.

Chapuchapu aliipenda kazi hiyo kwa sababu yake mwenyewe. Mdogo wake wa darasa la pili hakuweza kula karanga wala mayai. Siku moja alionja karanga nyumbani, uso ukamvimba, akaanza kuhema kwa shida mpaka akakimbizwa hospitali. Dada mtu hakuisahau siku hiyo.

Kila mwanachama aliandika sehemu yake, kisha akaituma kwenye kompyuta kuukuu iliyokaa chini ya ubao. Waliiita Babu, maana feni yake ilikohoa.

"Nataka mtu akituma kazi mpya, Babu aijaribu papo hapo bila kuambiwa," alisema mwalimu wa kompyuta. "Majaribio mmekwisha kuyaandika. Kila jaribio ni swali dogo ambalo jibu lake tunalijua. Programu ikijibu sawasawa, Babu aonyeshe alama ya kijani. Ikikosea hata mara moja, nyekundu. Nani atamfundisha Babu kazi hiyo?"

"Mimi!" Chapuchapu alidakia kabla wenzake hawajafungua midomo.

Akamaliza siku ileile. Alimwekea Babu programu ndogo ya kuendesha majaribio, akamwonyesha folda ya kusoma, akabonyeza. Kijani! Makofi yakapigwa. Kuanzia hapo kila kazi iliyotumwa ilipata kijani. Mwalimu mkuu alikuja kujionea akampa mkono, na kichwa cha Chapuchapu kikavimba kidogo. Ikaamuliwa kwamba jikoni waanze kuitumia programu Jumatatu.

Ijumaa, rafiki yake aliyeitwa Maswali, ambaye hakuna jambo lililompita bila kulidadisi, alisogeza kiti karibu.

"Hivi Babu anayapitia majaribio yote kweli?"

"Si unaona kijani?"

"Naona. Ila mzee huyu hata kuwaka kwenyewe ni kazi. Leo amemaliza kabla sijainua kidole. Wewe huoni ajabu?"

"Na wewe nawe! Hivi huwezi kufurahi tu?"

Maswali akaenda zake, lakini neno lake likabaki. Chapuchapu alifungua sehemu ya programu iliyohusu karanga, akaiharibu makusudi, akaituma. Babu akakohoa kidogo tu. Kijani.

Chapuchapu akafungua maelezo ambayo Babu huyaandika kila amalizapo kazi. Hakuwahi kuyasoma, kwani macho yake yaliishia kwenye rangi. Majaribio yaliyopatikana: sifuri. Yaliyoshindwa: sifuri.

Ndipo alipokumbuka. Siku ile ya kwanza alitengeneza folda tupu ya kujifunzia, akamwelekeza Babu huko, na kwa haraka zake hakumhamishia kwenye folda yenye majaribio. Babu hakudanganya mtu. Hakuulizwa swali lolote, basi hakukosa lolote. Chapuchapu alikuwa amevishwa kilemba cha ukoka, na aliyekisuka ni yeye mwenyewe.

Akarekebisha alichokiharibu, akamwonyesha Babu folda sahihi, akabonyeza. Safari hii Babu alikohoa kwa muda mrefu. Nyekundu. Mwanafunzi akiwa na vyakula viwili vinavyomdhuru, programu ilikumbuka cha mwisho tu. Kwa mdogo wake, ingekumbuka mayai. Karanga ingezisahau.

Alishika tama. Angeweza kumrudisha Babu kwenye folda tupu, kisha Jumatatu aje mapema arekebishe kimyakimya. Nani angejua? Lakini sehemu ile hakuiandika yeye, na hakujua ingemchukua muda gani. Kama angechelewa, mdogo wake angekuwa kwenye foleni na sahani yake mkononi. Aibu ilimchoma, hofu ikamchoma zaidi. Akapiga moyo konde, akamwendea mwalimu aliyekuwa akifunga kabati.

"Mwalimu, ile kijani yote ilikuwa ya bure. Babu hakujaribu chochote. Kosa ni langu."

Mwalimu alisoma skrini, kisha akasema, "Twende jikoni."

Walimkuta mpishi mkuu akisugua sufuria. Mwalimu alisimama kando. Chapuchapu akaelewa kwamba maneno ni yake.

"Shikamoo, mama. Tafadhali Jumatatu msitumie programu yetu. Ingempa mdogo wangu karanga."

Mpishi aliweka brashi chini. "Marahaba. Yule anayependa kucheka?"

"Ndiye."

"Basi nitasimama dirishani mwenyewe. Nyinyi tengenezeni mpaka mridhike."

Wenzake wengine walinung'unika kwamba amewaaibisha. Maswali alikaa karibu naye wakaanza kazi. Iliwachukua wiki nzima. Kila mara Chapuchapu aliharibu kwanza kipande makusudi, akaiona nyekundu, akakitengeneza, ndipo akaiamini kijani. Ilipokamilika, hakuna aliyepiga makofi. Waliinama wakasoma maelezo ya Babu mstari kwa mstari.

Siku ya kwanza jikoni, mpishi mpya aliandika namba ya mdogo wake. Skrini ikasema: karanga, mayai. Mtoto akapokea chakula chake, akakaa, akaanza kula. Chapuchapu alimtazama mpaka machozi yakamlengalenga.

"Kijani ya kwanza ilikuletea makofi," mwalimu alimwambia kwa upole. "Hii hakuna aliyeishangilia, lakini ndiyo inayomlinda mdogo wako. Kazi ukiimaliza, mwanangu, ihoji wewe mwenyewe kwa maswali magumu. Na ukikuta umekosea, sema wakati bado kuna nafasi ya kutengeneza. Ulisema. Ndiyo maana leo anakula salama."