Kasuku Weusi wa Gippsland

Haya yalimpata rafiki yangu Noreen, huku kwetu Gippsland. Jioni moja yeye na mumewe, Clive, waliingia msituni kutafuta kuni. Clive akaanza kuwapiga risasi kasuku weusi, bila sababu.

"Wamekukosea nini?" Noreen aliuliza.

"Nenda kanishtaki polisi, mama."

Noreen akarudi garini, akabamiza mlango. Bunduki ililia tena na tena, kisha kukawa kimya. Hata nyenje waliacha kulia. Giza lilipoingia, akamsikia Clive akiita, "Noreen, lete tochi."

Aliifuata sauti huku akimtukana kimoyomoyo. Ilitoka juu mtini. Akamulika. Chini ya mti palikuwa na bunduki tu; Clive hakuwapo. Kasuku walijaa matawini, wote wakimtazama. Mmoja akafungua mdomo, akasema kwa sauti ya Clive, "Mbona sioni, Noreen?"