Chiriku na Fomu ya Hospitali

Miaka mingi imepita, lakini mpaka leo Chiriku akisikia harufu ya mbao mbichi hupunguza mwendo. Harufu ile humrudisha darasa la sita, kwenye zile adhuhuri alizompelekea baba yake chakula katika kiwanda cha samani. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza. Aliianza hadithi getini kwa mlinzi, akaimalizia kwenye meza ya baba yake, na njiani hakuna aliyepona.

Baba yake alikuwa seremala wa msumeno wa umeme. Alipokuwa akila, Chiriku alikaa juu ya rundo la maranda, akiyavaa mikononi kama bangili. Msimamizi wa karakana alikuwa Baba Mdogo, ndugu wa baba yake wa tumbo moja, mtu mcheshi aliyechomeka penseli sikioni.

"Afadhali umekuja," alizoea kumwambia. "Redio yetu imeharibika, hebu tupe habari."

Siku zile zilikuwa tamu, na Chiriku alidhani hazina mwisho.

Msumeno ule ulikuwa na kinga ya chuma iliyofunika meno yake. Mwezi mmoja kazi zilikuwa nyingi mno, na kwa kuwa kinga ilipunguza kasi, Baba Mdogo aliifungua akaiweka kando. Mchana mmoja Chiriku alikuwa amesimama karibu na mlango, bakuli mkononi, ubao uliporuka na mkono wa Baba ukateleza kwenye meno ya msumeno. Mashine ilipozimwa, vidole viwili vya mkono wa kushoto wa Baba vilikuwa vimekatika.

Garini, wakienda hospitali, Baba akiwa amezimia, mkono umefungwa kwa shati, Baba Mdogo alimwinamia Chiriku.

"Mwanangu, wakikuuliza, sema alikuwa anapasua kuni nyumbani. La sivyo mimi nitafukuzwa. Umenielewa?"

Hospitalini, Baba Mdogo alipokuwa akisaidia kusukuma kitanda, muuguzi wa mapokezi alishika fomu akamgeukia Chiriku. "Ameumia wapi?"

Chiriku, aliyekuwa na la kumwambia kila mtu, siku hiyo alisema neno moja tu. "Nyumbani." Muuguzi akaandika.

Wiki tatu baadaye Mama alikwenda kiwandani kuulizia haki ya mumewe. Alirudi na kanga mabegani, uso umemshuka.

"Meneja anasema fomu ya hospitali inaonyesha uliumia nyumbani," alimwambia Baba. "Kwa hiyo kiwanda hakihusiki."

"Nani kasema nyumbani?" Baba aliuliza. Alikuwa akihangaika na kifungo cha shati kwa mkono mmoja.

Tangu siku ya ajali Chiriku alikuwa kimya hata Mama akadhani ana homa. Sasa machozi yakaanza kumtoka.

"Ni mimi, Mama."

"Wewe? Nani alikufundisha?"

Ilichukua muda jina la Baba Mdogo kutoka. Baba alikiacha kifungo. Alikaa akiutazama mkono wake, kisha akasema taratibu, "Tumenyonya ziwa moja. Siwezi kumshtaki ndugu yangu. Bora vidole viende."

"Vidole vimeshakwenda, Baba Chiriku," Mama alisema. "Unataka na nyumba iende?"

Kesho yake wote watatu walikwenda ofisi ya kazi. Afisa kazi, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Naona mzee unaogopa ugomvi wa ndugu," alisema. "Sikiliza. Fidia ya kuumia kazini haianzi kwa kutafuta mkosaji. Swali ni moja: uliumia ukiwa kazini? Kama ndivyo, unalipiwa matibabu, unapata sehemu ya mshahara wakati unajiuguza, na fidia ya ulemavu uliobaki. Ipo pia njia ya mahakama, kumdai mwajiri kwa uzembe. Hiyo ni ndefu na inataka wakili. Tutaifikiria hii ya fidia ikigoma. Ila watu wa kiwanda wakikuletea karatasi ya kuyamaliza kimyakimya, usitie sahihi kabla sijaiona. Na msichelewe, taarifa ina muda wake. Sasa, nani aliona ajali?"

"Mimi," Chiriku akasema.

Akasimulia yote, kinga, ubao, gari na lile neno moja. Alisimulia kwa kasi hata afisa akamwomba asubiri kidogo, kalamu ipumue. Kisha afisa aliandika barua ya kuiomba hospitali irekebishe fomu.

Jioni Baba alikwenda mwenyewe kwa mdogo wake. Waliyozungumza hawakuyasema. Lakini asubuhi iliyofuata Baba Mdogo aliandika taarifa ya ajali kwa mkono wake, na habari ya kinga hakuificha. Hakufukuzwa. Alivuliwa usimamizi, akarudishwa kwenye randa kama fundi wa kawaida. Kinga ilirudishwa mahali pake siku hiyo hiyo.

Fidia ilikuja baada ya miezi kadhaa. Ilipokuja Baba alikuwa amepona, amerudi kazini, anapima mbao na kuwafundisha mafundi wapya.

Jumapili moja Baba Mdogo alikuja kuwatembelea. Hakuingia ndani. Alisimama mbele ya Chiriku aliyekuwa akipepeta mchele kwenye benchi la uani.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilikosa mara mbili. Nilifungua kinga, halafu nikakutwika wewe mzigo wa uongo, na ukamlemea baba yako. Mtu mzima akikuomba umfichie kosa, hata akiwa ni mimi ninayekupenda, kataa. Na mtu akiumia kazini, aseme ukweli mapema, maana haki yake haiwezi kusimama juu ya uongo."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Baba, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alikuja akaketi kwenye benchi, kisha akasogea ili mdogo wake apate pa kukaa.