Mtoto wa Paa Ndani ya Miwa

Kila asubuhi Awinja alichota maji mtoni, akipita kando ya shamba la miwa la baba yake, Mzee Wekesa, karibu na Khayega. Kiwanda cha sukari kilikuwa kimefungwa mwaka wa pili sasa. Matrekta yalinyamaza, wakataji wakarudi kwao, miwa ikarefuka hata ikaziba njia. Wanyama wa msituni waliona pametulia, wakarudi mmoja mmoja.

Baba alikuwa amekataza mtu yeyote kuingia humo kwa sababu ya nyoka. Awinja, sikio la kufa, aliingia. Karibu na kichuguu alimkuta mtoto wa paa, mdogo kama paka, na tangu hapo hakukosa kwenda kumchungulia.

Kisha kiwanda kilifunguliwa tena, wakataji wakarudi, na zamu yao ya kuvuna ikafika. Jumamosi hiyo, wakati wa chai, Baba aliuliza kama wanavyouliza wakulima kabla ya kuchoma majani ya miwa ili ikatwe kwa urahisi.

"Awinja, wewe ndiwe unapita pale kila siku. Kuna mnyama ndani?"

Awinja alificha miguu yake yenye mikwaruzo chini ya kiti. Akikubali, itajulikana aliingia.

"Hakuna kitu, Baba." Chai ikamshinda.

Wakataji walizunguka shamba wakipiga madebe ili kufukuza chochote kilichojificha. Paa mkubwa alichomoka mbio kuelekea mtoni. Alikuwa peke yake. Wanaume walishangilia, lakini Awinja aligeuka kutazama upande wa kichuguu. Alijua kuwa yule mdogo hakimbii. Akisikia kelele, hulala chini akatulia tuli.

Jairus, kiongozi wa wakataji, alitoa kiberiti.

"Ngoja!" Awinja alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Baba, nimekudanganya. Mtoto wake amebaki! Mimi naingianga humo kila siku."

Baba alimkazia macho, kisha akachukua fimbo. "Kaa nyuma yangu. Unielekeze."

Walimkuta palepale, akitetemeka. Baba alimfunika kwa koti lake, akambeba hadi vichakani kando ya mto, wakajitenga. Baada ya muda mama yake alikuja, akamnusa, wakatokomea pamoja. Awinja alishusha pumzi.

"Kuingia shambani ni kosa, na ungeumwa na nyoka," Baba alisema. "Lakini uongo wako ungemchoma asiye na hatia. Ukikosea, mwanangu, sema mapema. Moto ukishawaka, ukweli haumsaidii mtu."

Walirudi shambani. Jairus alikuwa bado ameshika kiberiti, na wakataji wamechoka kungoja.

"Nakuuliza mara ya pili," Baba alisema. "Kuna kitu kingine?"

Awinja alinyoosha kidole. "Kuna kanga, Baba. Amelalia mayai, pembe ya chini."

Wakataji waliguna. Baba alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akachukua panga.

"Pembe hiyo hatuchomi. Tutaikata mbichi, tumwachie kanga mahali pake. Na majani yote ya pembe hiyo, Awinja, utayabeba wewe."

Awinja aliyabeba mpaka jioni, bila kunung'unika.