Umetumwa na Nani?

Kijijini Mwasubi, nje ya mji wa Shinyanga, maji ya kiangazi huchimbwa mchangani. Mwaka 1986 mto ulikuwa mkavu kama kawaida yake. Zipora alikuwa ameinama shimoni, akichota kwa kata na kusubiri maji yajikusanye tena. Mgongo ulimuuma.

"Mwangaluka, mayu," Limi, mke wa mwanawe, alimsalimia kwa Kisukuma kutoka juu.

"Mwangaluka. Kisima chenu hicho mtachimba lini?"

"Vipimo vimekamilika, mama. Mtambo wa kuchimba utakuja kabla ya mvua."

"Mvua isiwatangulie," alisema Zipora, akainama tena.

Limi alikuwa karani wa mradi wa maji mjini. Mradi ulikuwa na kompyuta moja, iliyotumiwa na makarani kutoka meza tatu, kila meza na kioo chake. Ndani yake vilihifadhiwa vipimo vya vijiji: maji yako kina gani, na yanafaa kunywewa au hayafai.

Kila mfanyakazi alikuwa na jina lake la kuingilia na neno lake la siri. Lakini Limi aliingia kwa jina la mkubwa wake, Bwana Ngassa, ambaye jina lake lilikuwa na uwezo wote. Mwenyewe ndiye aliyempa. "Wewe ni kama binti yangu," alimwambia. "Tumia jina langu, usihangaike."

Nani angekataa? Mkubwa akikuamini hivyo, unapokea kwa mikono miwili. Limi alishukuru, tena alijisikia fahari.

Jumatatu alitaka kufuta vipimo vya mazoezi, alivyoviweka kwa jina la kujaribia, Mwagala. Akaanzisha programu ya kufuta. Kwa haraka akaandika herufi za mwanzo tu: Mwa. Programu ikafuta kila kilichoanza hivyo. Na Usukumani, nani asiyejua wingi wa vijiji vinavyoanza na Mwa? Vyote vilikwenda, Mwasubi kikiwamo.

Limi alijaribu kuvirudisha, akashindwa. Kisha akalia. Karatasi za kupimia zilikwishatupwa, maana mashine ipo, na nakala haikuwekwa. Mtambo ukapelekwa tarafa nyingine. Kabla vipimo vipya havijakamilika, mvua ilinyesha na mbuga ikageuka tope. Lori la mtambo lisingepita. Zipora angeinama shimoni kiangazi kingine kizima. Inauma kusimulia.

Tarsisi, fundi wa kompyuta, aliitwa kutoka Mwanza.

"Programu hiyo ni mbaya," alisema Bwana Ngassa. "Iondoe."

"Programu haina kosa, mzee. Ilitumwa na nani?"

"Na mimi," alijibu Limi kwa sauti ndogo. "Ila niliingia kwa jina la mzee."

Tarsisi alivuta kiti. "Dada Limi, kwenu kuna ng'ombe?"

"Wapo."

"Mchungaji wenu akiwapeleka mnadani kwa akili yake, anaweza kuuza?"

"Hawezi. Watamuuliza, umetumwa na nani?"

"Na akiwa ametumwa na mwenye ng'ombe?"

"Atauza hata dume la mbegu."

"Ndivyo ilivyo humu," alisema Tarsisi. "Ndani ya kompyuta kuna programu kuu, inaitwa kiini. Hiyo ndiyo inayokaa mlangoni. Programu nyingine ikianza kazi, kiini hakiulizi kama ni nzuri au mbaya. Kinaangalia imetumwa na nani, kisha kinaipa uwezo wa aliyeituma. Ile ya kufuta ilikuja kwa jina la mzee. Kwa kiini, mzee ndiye aliyefuta."

Bwana Ngassa aliinamisha kichwa. "Nilidhani ninamsaidia," alisema.

"Nikiingia kwa jina langu," Limi aliuliza, "nitaandikaje vipimo? Si mali yangu."

"Mnapoogesha ng'ombe joshoni, dawa anachanganya nani?"

"Mtunza josho. Ufunguo wa stoo ni wake."

"Wewe unaleta ng'ombe, yeye anakuchanganyia dawa. Ufunguo hakupi. Ziko programu chache zilizowekewa alama ya namna hiyo. Ukianzisha ile ya kuandika vipimo, kiini kitaipa uwezo wa mtunza vipimo, jina linalomiliki vipimo vyote, si wa kwako. Lakini inajua kazi moja tu, kuongeza. Ikimaliza, uwezo unakoma pale pale. Alama hiyo haiwekwi ovyo. Programu ya kufuta usiiwekee kamwe."

Siku hiyo Bwana Ngassa alibadilisha neno lake la siri. Yeye mwenyewe akapewa jina la kawaida kwa kazi za kila siku. Hata hivyo Limi, aliyerudishwa kwenye jina lake, alijiona amevuliwa nguo.

"Wamekushusha cheo," alisema Zipora nyumbani.

Limi alichukua ndoo, akaelekea mtoni.

Kiangazi kilichofuata vipimo vilikuwa tayari, na nakala yake kabatini. Siku moja Bernadina, karani mpya, alisafisha mazoezi yake. Naye akaandika Mwa. Kisha akapiga kelele, mikono kichwani.

Limi alikimbia mezani kwake. Kwenye kioo palikuwa na maneno mawili: HUNA RUHUSA.

Akatafuta Mwasubi. Kipo. Akatafuta vingine. Vyote vipo. Mazoezi ya Bernadina tu ndiyo yaliyofutika, kwa kuwa yalikuwa yake.

"Usilie," Limi alimwambia, na yeye mwenyewe machozi yakimtoka. "Hakuna kilichopotea. Kiini kimeuliza nani kakutuma."

Mtambo ulifika Mwasubi kabla ya mvua. Maji yalipatikana, matamu. Wanakijiji wakamchagua Zipora kutunza pampu. Fundi wa pampu alimkabidhi ufunguo wa mnyororo unaoifunga, akaondoka na spana zake zote.

"Spana wamekunyima, mama," alisema Limi.

"Spana ya nini? Mimi nimetumwa maji."

Zipora alishika mpini, akateka maji akiwa amesimama wima.