Dua Mbaya ya Mwanatatu

Kila siku baada ya sala ya alfajiri, Mwanatatu alijitwika ndoo na kwenda kupanga foleni kisimani kwa jirani zao, akina Dhahabu. Mwaka huo wa 1987 nusu ya mtaa wao wa Timbwani ilichota hapo, na Mwanatatu alichelewa shule karibu kila siku. Dhahabu, aliyesoma naye darasa la sita, hakuchelewa hata mara moja. Alifika ameoga, sare imenyooka, na Mwanatatu akimwona tu roho ilimuuma.

"Leo pia umechelewa, Mwanatatu?" Dhahabu alimuuliza siku moja.

Lilikuwa swali la kawaida, lakini Mwanatatu alilisikia kama kejeli. Kijicho kilikuwa kimemjaa.

Baba yake, Mzee Mbwana, alikuwa akichimba kisima chao wenyewe. Kila alasiri alishuka shimoni na mtaimbo, naye Mwanatatu na mama yake walivuta ndoo za udongo kwa kamba. Huu ulikuwa mwezi wa tatu wa kuchimba. Walipofika pima saba walikuta mwamba, na tangu hapo ndoo zilitoa vumbi jeupe tu. Viganja vya Mwanatatu vilijaa malengelenge.

Jioni moja aliitupa kamba chini. "Baba, mimi sivuti tena! Mungu kawapa akina Dhahabu, sisi katunyima."

Mzee Mbwana alipanda juu, mweupe kwa vumbi. "Hata mimi nimechoka, mwanangu. Lakini nimemwomba Mungu, na nikishamwomba siwezi kukaa mkono shavuni. Kesho tutavuta tena, inshallah. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Alisikia, lakini moyo haukutulia. Alfajiri aliinua mikono juu ya msala akaomba kwa siri kisima cha akina Dhahabu kikauke.

Alasiri alivuta kwa kuwa ameamrishwa, si kwa kupenda. Ndoo ya nne ilipofika katikati, kamba ilikatika. Ndoo iliporomoka ikamkosa Mzee Mbwana kwa shibiri moja. Mama alipiga ukelele.

Dhahabu, aliyeiona kamba ikikatika kutoka kisimani kwao, alikuja mbio, kamba nyingine begani ikichuruzika maji. "Hii ya kisimani kwetu. Wenye foleni watangoja." Akashika nyuma ya Mwanatatu, akaona viganja vyake. "Malengelenge hayo nayajua, wallahi. Chetu kilichimbwa miezi sita. Mama alikuwa akilia huku akivuta."

Siku zote hizo Mwanatatu alikuwa ameyaonea wivu maji. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyeyachimba.

Wakavuta wote watatu. Karibu na magharibi ilipanda ndoo ambayo vumbi lake halikupeperuka. Mwanatatu aliligusa. Lilikuwa bichi.

"Mama Mwanatatu!" Mzee Mbwana aliita kutoka chini. "Miguu yangu imo majini!"

Dhahabu alikimbia kwao kupeleka habari. Mwanatatu alibaki akilia. Baba yake alipopanda, alimweleza dua yake yote, kichwa ameinamisha.

Mzee Mbwana alinawa mikono kwa maji ya matope aliyopanda nayo.

"Alhamdulillah, dua hiyo hakuipokea. Maji niliyokunywa shimoni miezi mitatu yalitoka kwao. Ukichoka, Mwanatatu, mwombe Mungu nguvu za ndoo moja zaidi, kisha uivute. Ya mwenzio usiyaombee mabaya, usije ukawa unajiombea mwenyewe."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Haya, rudisha kamba ya watu. Foleni inangoja."