Foleni ya Choo cha Wasichana

Kila asubuhi Tusajigwe na rafiki yake Hamisa walitembea pamoja kwenda shuleni, huko Madale. Njiani walipita nyumba mpya kila upande, nyingine hazijapigwa hata lipu. Watu walizidi kuhamia, na watoto wao wakaandikishwa shule ileile. Darasani kwao, darasa la sita, walibanana kwenye madawati. Waliochelewa walikaa sakafuni.

Kilichomuudhi zaidi Tusajigwe ni foleni ya choo. Kengele ya mapumziko ikilia, wasichana walikimbilia vyoo vichache vilivyokuwapo. Mara nyingi muda uliisha kabla zamu yake haijafika.

"Mie nimechoka!" alimwambia Hamisa. "Kuanzia leo sinywi maji mpaka nirudi nyumbani."

"Utaumwa wewe!"

"Bora niumwe kuliko kusimama juani bure."

Kweli hakunywa. Kichwa kikawa kinamuuma kila mchana, na hasira zikawa karibu. Baadaye haja ndogo ikaanza kumchoma. Akaona aibu kusema. Siku ya jaribio la hisabati alitetemeka kwa homa, kalamu ikamtoka mkononi. Hamisa akamwita mwalimu, mwalimu akampigia mama yake simu.

Mama akampeleka zahanati, ambako nesi Marietha alimpima mkojo.

"Una maambukizi kwenye njia ya mkojo. Unakunywa maji?"

Tusajigwe akaangua kilio. "Sinywi, nesi. Kila siku foleni, kila siku! Nikinywa nitakwenda wapi?"

Mama alimsikiliza, hakumgombeza. Kesho yake alikwenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Audax.

"Mama, hata mimi foleni hiyo inanikera," mwalimu alisema. "Wanafunzi wanaongezeka kuliko majengo. Nimeomba vyoo mpaka nimechoka."

"Basi tuite wazazi. Wengi wao ni mafundi ujenzi."

Wiki hiyohiyo madarasa yakaanza kwenda mapumziko kwa zamu, na foleni ikapungua. Jumamosi wazazi walifika na sururu, wakaanza kuchimba shimo la vyoo vipya.

Tusajigwe, akiwa amepata nafuu kwa dawa za zahanati, alitazama kazi ile. "Mama, kumbe ningesema tu?"

"Hasira yako ilikuwa ya haki, mwanangu," mama alijibu. "Lakini uliimalizia kwenye mwili wako mwenyewe, na mwili haukuwa na kosa. Jambo likikukera, mwambie mtu mzima mapema. Na maji unywe."

Akamkabidhi kikombe. Tusajigwe akanywa mpaka tone la mwisho.