Pensheni ya Mzee Stroud

Jirani yangu Lemuel Stroud, aliyepigania majimbo ya Kusini ya Marekani ujanani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikwenda mahakamani hapa Georgia kuomba pensheni, asije akafia makao ya maskini. Alasiri hiyo mvua ilitia giza jengo zima. Mguu wake wa mti uligonga sakafu, ko, ko.

"Mguu wako wa kushoto uliuacha wapi, mzee?" karani akauliza.

"Vitani, Virginia. Waliukata, wakaufukia nyuma ya hema la daktari."

"Na huyo uliyekuja naye, mbona haingii?"

"Nimekuja peke yangu, mwanangu."

Huko mlangoni kitu kikakanyaga, chap. Kikatulia. Chap, karibu zaidi.

Karani akainua taa. Hapakuwa na mtu. Nyayo za matope zilitoka mlangoni hadi kwenye kiti cha Lemuel, zote za mguu mtupu wa kushoto.